Dakika na Sauti: Habari za Simu Baina ya Gusii na Ng'ambo

Nchi ya Gusii, ambayo serikali imeigawa leo kuwa kaunti mbili za Kisii na Nyamira, ni nchi ya vilima vilivyosongamana, yenye mvua takriban kila mwezi wa mwaka, yenye chai na migomba na watu wengi juu ya ardhi haba; nayo hesabu ya mwaka 2019 ilikuta humo watu karibu milioni moja na laki tisa, ambao wengi wao hawakosi ndugu, mwana au jirani aliyekwisha kuvuka bahari kwa kutafuta elimu au riziki. Historia ninayokusudia kuieleza ni ya jinsi sauti za hao walioondoka zilivyorudi nyumbani, kwanza kwa taabu kuu na kwa kipimo kikali, kisha kwa kipimo kilicholegea, na hatimaye, kwa wengi wao, bila kipimo kabisa. Watu wakisimulia habari za simu hupenda kutaja mitambo. Mimi nitaifuata dakika, maana ndiyo iliyotawala yaliyosemwa na yaliyonyamaziwa, na mitambo ilikuja ama kuizidisha bei ama kuiondolea enzi yake.

Kabla ya Waingereza kufika, habari ya uvamizi au ya msiba ilipita kwa mayowe kutoka kilima hadi kilima, na sauti ya mtu ilikuwa na thamani kwa kadiri ya upepo na nguvu za kifua chake. Mwaka 1907 serikali ya kikoloni ilijenga kituo chake mahali palipoitwa Getembe, mji ambao wenyeji waliuita baadaye Bosongo na ramani zikauita Kisii. Wakati huo waya wa simu ya maandishi ulikuwa umekwisha kupita chini ya bahari kutoka Aden hadi Unguja tangu mwaka 1879, na reli ilikuwa imefika Kisumu mwaka 1901. Lakini kutoka Kisumu mpaka Kisii barua ilisafiri mabegani mwa tarishi. Wamisionari Wakatoliki walipofungua kituo Nyabururu mwaka 1911, na Waadventista wakafungua chao Nyanchwa mwaka uliofuata, walileta jambo ambalo athari yake katika habari hii ni kubwa kuliko ya waya wowote, nalo ni shule. Watoto wakajua kuandika. Na mtu ajuaye kuandika anaweza kwenda mbali na nyumbani bila kupotea.

Simu ya kusema ilipofika, ilikuwa mali ya ofisi. Mwaka 1933 idara za posta na simu za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliunganishwa kuwa idara moja, na chini ya idara hiyo simu zilikuwa kwa bwana wilaya, hospitalini, misheni, na baadaye katika viwanda vya chai na maduka machache ya mjini. Aliyetaka kusema na Nairobi alizungusha mkono wa simu, akamwita opereta, akataja namba, kisha akaweka chombo chini na kungoja mpaka njia ipatikane. Na ilipopatikana, dakika zilihesabiwa tatu tatu, naye opereta akaingia katikati ya mazungumzo kuuliza kama mwenye kulipa anataka kuendelea. Raia wa kawaida hakuota jambo hilo. Yeye alikuwa na barua, na katika dharura alikuwa na telegramu, ambayo bei yake ilihesabiwa kwa maneno, hata msiba wa baba mzazi ukatangazwa kwa maneno manne au matano yaliyokatwa kama kuni.

Mwaka 1970 kituo cha setelaiti kilifunguliwa Longonot, katika Bonde la Ufa, chini ya kampuni iliyoshughulikia mawasiliano ya Afrika Mashariki na nchi za nje, na kuanzia hapo sauti ya Kenya iliweza kuruka moja kwa moja hadi ng'ambo. Yafaa msomaji aelewe masafa ya safari hiyo. Setelaiti ya namna ile husimama juu ya ikweta kwa kimo cha kilomita 35,786; sauti hupanda huko na kushuka tena, na kupanda na kushuka huko huchukua kama robo ya sekunde, kisha jibu nalo huchukua robo nyingine. Nusu sekunde si kitu katika maisha ya mtu, ila katika mazungumzo ni balaa: mmoja husema, hasikii jibu, hudhani mwenzake hakusikia, hurudia maneno, na papo hapo jibu la kwanza humfikia na kugongana na swali la pili, wote wawili wakanyamaza, kisha wote wawili wakaanza tena kwa pamoja. Na dakika ikihesabiwa.

Baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977, Kenya iliunda shirika lake la posta na simu, nalo baadaye likawa lango pekee la kutokea nje. Wakati huohuo wana wa Gusii walikuwa wakiondoka. Waliotangulia walikuwa wanafunzi wa miaka ya sitini. Wakafuata wengine katika miaka ya themanini na tisini, na baadaye ile bahati nasibu ya viza ya Marekani ikawafungulia mlango hata wasiokuwa na chuo cha kuwapokea. Kwa sababu ambazo ni za kawaida katika uhamaji wote, kwamba mtu huenda aliko mtu wake, wengi walikusanyika katika jimbo la Minnesota, hususa katika viunga vya mji wa Minneapolis viitwavyo Brooklyn Park na Brooklyn Center, mahali ambapo baridi ya Januari hugandisha maziwa hata magari yakapita juu yake. Wengi walishika kazi za uuguzi na za kuwalea wazee, kazi za zamu, mara nyingi zamu ya usiku.

Katika zama hizo simu ya ng'ambo ilipangwa kwa barua. Mwana aliandika kwamba Jumamosi fulani, saa kumi jioni, mama awe mjini kwenye duka la fulani mwenye simu, naye atapiga. Barua ilichukua wiki mbili au tatu njiani. Siku ilipowadia mama aliamka alfajiri, akavaa nguo za kanisani, akapanda matatu, akafika mapema kwa wahka, akakaa kwenye benchi akiikodolea macho simu ya mtu mwingine. Pengine simu ililia, pengine haikulia, kwa kuwa njia zilijaa, au mvua ilikuwa imeangusha nguzo, au mwana alihesabu saa vibaya, maana Minnesota iko nyuma ya Kisii kwa saa nane wakati wa kiangazi chao na saa tisa wakati wa baridi. Ilipolia, maneno yalijulikana kabla ya kusemwa: hamjambo, nani mgonjwa, karo ilifika, mvua imenyesha, baba anakusalimu. Lililo zito halikusemwa. Nimewasikia watu wengi wa umri wangu wakikiri kwamba walificha msiba katika simu ya namna ile, kwa kuwa hapakuwa na dakika za kumtuliza mwenye kulia baada ya kumwambia. Wakaona ni heri aupate kwa barua, akiwa na wasaa wa kulia.

Sheria ya mwaka 1998 ililivunja lile shirika, na mwaka 1999 likagawanywa, posta upande wake, Telkom Kenya upande wake, na tume ya kusimamia mawasiliano upande wake. Mwaka 2000 simu za mkononi zikaanza kuenea kwa kasi, Safaricom na Kencell zikigombea wateja. Na kati ya mambo yaliyoipa Safaricom ushindi, mojawapo lilikuwa kutoza kwa sekunde badala ya dakika nzima. Jambo hilo lilionekana dogo. Kwa hakika lilikuwa ufa wa kwanza katika enzi ya dakika, maana mkulima wa Ekerenyo au Ogembo aliyekuwa na shilingi chache katika salio lake aliweza kusema neno moja, akakata, na kubakiwa na akiba. Watu wakapanda juu ya vichuguu na kusimama chini ya mikaratusi wakitafuta mawimbi. Vibanda vya simu ya jamii vikajaa sokoni Daraja Mbili. Vijana wakajifunza kubipu. Kwa upande wa nyaya za shaba, wezi walizikata na kuziuza, na radi, ambayo katika vilima hivi hupiga kwa wingi usio wa kawaida, ilichoma zilizosalia, hata Telkom yenyewe ikaanza kuwapa wateja wake simu za mezani zisizo na waya. Namba za 058 zikabaki kwenye vichwa vya barua za shule na ofisi.

Hata hivyo simu ya mkononi haikuifikia ng'ambo kwa bei ya masikini. Aliyeko Minnesota alinunua kadi ya kukwangua, akapiga namba ndefu ya siri, akasikiliza sauti ya mashine ikimtajia dakika alizo nazo, na dakika hizo zikaisha kabla ya zilizotajwa. Bila ya yeye kujua, mara nyingi kampuni ya kadi ilikuwa imekwisha kuipitisha sauti yake katika intaneti kwa sehemu kubwa ya safari, na faida ikabaki kwa wenye kadi. Hivyo sauti za Wagusii zilipita katika intaneti miaka kadhaa kabla ya wao wenyewe kuimiliki njia hiyo.

Hapa sina budi kueleza jinsi sauti inavyopita humo, kwa maana bila kulielewa hili mtu hatajua kwa nini bei ilianguka. Katika simu ya kale, wawili wakizungumza, njia nzima baina yao hufungwa kwa ajili yao peke yao, hata wakinyamaza. Ndiyo sababu dakika ya ukimya ilikuwa na bei sawa na dakika ya maneno. Katika intaneti sauti hupimwa mara 8,000 kwa kila sekunde, vipimo vikageuzwa tarakimu, tarakimu zikafungwa katika vifurushi vidogo ambavyo kila kimoja hubeba kwa kawaida sehemu ishirini za elfu ya sekunde. Hivyo vifurushi hamsini huondoka kila sekunde, kila kimoja na anwani yake, vikachanganyika njiani na barua, picha na hesabu za benki za watu wengine, na mwisho wa safari vikapangwa upya kwa taratibu vikawa sauti. Kifurushi kikipotea, sikio hustahamili. Vikichelewa vingi, sauti hukatikakatika na watu husema mtandao unasumbua. Wataalamu wa Marekani walikwisha kulijaribu jambo hili mwaka 1974 katika mtandao wa ARPANET. Kampuni ya VocalTec ya Israeli ikaanza kuuza programu yake mwaka 1995. Mwaka 2002 Vonage ikaanza kuwauzia Wamarekani kisanduku cha kuunganisha simu ya kawaida ya nyumbani na intaneti ya kasi. Na Agosti 2003 ikaja Skype, ambayo watu wawili wenye kompyuta waliweza kusemezana kwayo bure, popote walipo.

Kenya ilikuwa nyuma kwa sababu mbili, moja ya sheria na moja ya bahari. Ya sheria ni kwamba Telkom ilikuwa imepewa peke yake haki ya lango la kimataifa, na kwa hiyo kupitisha simu za biashara katika intaneti kulihesabiwa kuwa kuvunja sheria. Waliofanya hivyo mijini, katika vyumba vya saiba, walifanya kwa kificho. Haki hiyo ya peke yake ilikoma mwezi Juni 2004, na mwaka 2005 tume ikaruhusu sauti kupita katika intaneti kwa wenye leseni. Ya bahari ilikuwa nzito zaidi. Afrika Mashariki yote haikuwa na mkongo wa kisasa wa baharini. Intaneti yetu ilipanda na kushuka setelaitini kama zamani, ghali na yenye kuchelewa, ilhali shirika la kimataifa la mawasiliano hushauri sauti isichelewe zaidi ya sehemu 150 za elfu ya sekunde kwa upande mmoja. Kwa setelaiti ya kimo kile, kipimo hicho hakifikiki.

Aliyeshika usukani wa kuutafuta mkongo serikalini alikuwa mwana wa Kisii. Bitange Ndemo alikuwa miongoni mwa wale waliokwenda Minnesota. Alisoma katika Chuo Kikuu cha Minnesota, akapata shahada ya uzamili ya biashara katika Chuo Kikuu cha St. Thomas katika jimbo hilohilo, kisha udaktari huko Sheffield, Uingereza, akarudi kufundisha Nairobi. Na mwaka 2005 akateuliwa kuwa Katibu Mkuu wa Wizara ya Habari na Mawasiliano. Wakati huo nchi za mashariki na kusini mwa Afrika zilikuwa zimejadiliana tangu mwaka 2003 juu ya mkongo uitwao EASSy, na majadiliano yalikuwa yamekwama katika suala la nani aumiliki na kwa kanuni zipi. Kenya ilichoka kungoja. Iliamua kutandika mkongo wake, uitwao TEAMS, kwa ubia wa serikali, makampuni ya simu ya nchini na kampuni ya Etisalat ya Falme za Kiarabu, kutoka Fujairah hadi Mombasa, mwendo wa takriban kilomita 5,000 chini ya bahari. Sidai kwamba Ndemo aliufanya mkongo kwa ajili ya mama zetu. Kazi ya namna hiyo ina sababu nyingi na mikono mingi, na biashara ndiyo iliyosemwa zaidi. Lakini ni vigumu kuamini kwamba mtu aliyeishi miaka yake ya ujana Minnesota, katika zama za simu za miadi na kadi, hakujua ni kitu gani kilichokosekana.

Mwezi Juni 2009 Rais Mwai Kibaki aliupokea mkongo huo Mombasa, kwenye viwanja vya Fort Jesus, ngome ambayo Wareno waliijenga mwishoni mwa karne ya kumi na sita ili kuilinda njia ileile ya bahari. Mwezi uliofuata mkongo mwingine, SEACOM, ukaanza kazi, na EASSy nao ukafika mwaka 2010. Umuhimu wa kuwa na zaidi ya mmoja ulidhihirika Februari 2012, nanga ya meli ilipoukata TEAMS karibu na Mombasa, na tena Mei 2024, SEACOM na EASSy zilipokatika kwa siku moja na Afrika Mashariki nzima ikahisi uzito. Kutoka pwani nyaya za faiba zilivutwa bara, nao mkongo wa serikali uitwao NOFBI ukapelekwa kuelekea makao makuu ya kila kaunti. Mijini Nairobi na Mombasa, Zuku ikawauzia watu televisheni, intaneti na simu ya nyumbani kwa waya mmoja, kama ilivyokuwa Marekani. Kisii na Nyamira hazikupita njia hiyo. Huku intaneti ya kasi ilifika kwanza hewani, katika simu ya mkononi, na waya wa nyumbani ukafuata baadaye, tena mijini na kandokando ya barabara kuu tu.

Mwaka 2015 WhatsApp, ambayo watu walikuwa wamekwisha kuizoea kwa ujumbe, iliongeza simu za sauti, na Novemba 2016 ikaongeza simu za picha. Naitaja miaka hiyo miwili kuwa ndiyo kilele cha historia hii, kuliko siku ya Fort Jesus. Mkongo ulileta uwezo. Programu hii ndiyo iliyouweka uwezo huo mkononi mwa mtu asiyejua kompyuta, kwa kitufe kimoja, na kwa namba ileile aliyokuwa akiitumia.

Katika nyumba moja upande wa Nyamira, si mbali na Keroka, nilishuhudia jinsi mambo yalivyo sasa. Ilikuwa Jumamosi saa mbili usiku, Sabato imekwisha, na Minnesota ilikuwa saa sita mchana. Mama wa nyumba aliiegemeza simu kwenye kopo la sukari, akakaa kwenye kiti kifupi na beseni la chinsaga miguuni, akaanza kuchambua majani. Katika kioo alionekana binti yake, ametoka zamu ya usiku, naye anakata vitunguu jikoni kwake. Walisalimiana, wakaulizana habari za kanisa. Kisha, kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia, hawakusema neno. Mmoja alichambua, mwingine akakata. Mjukuu akapita nyuma ya mama yake na gari la kuchezea, nyanya akamwita kwa jina, akacheka. Mara radi ikanguruma upande wa Manga.

“Mama, mvua imeanza?”

“Imeanza, mwanangu. Nang'oa waya, isije ikatuchomea. Nitakupigia kwa bando.”

Akainuka, akachomoa ruta ukutani, akachomoa na televisheni, akarudi kwenye chinsaga yake gizani, na baada ya kitambo kidogo sura ya binti ikarudi, imefifia kidogo, sauti ikiwa safi. Hakuna aliyeuliza zimebaki dakika ngapi.

Ukimya ule ndio ninaouona kuwa tunu ya zama hizi. Katika simu ya opereta ulikuwa hasara, katika simu ya setelaiti ulikuwa hitilafu, na katika simu ya kadi ulikuwa wizi. Leo mama na mwana waweza kukaa pamoja bila kusema, kama wakaavyo watu wa nyumba moja, na yaliyokuwa hayasemeki kwa kukosa wasaa yakasemeka: ugonjwa ulioanza kidogo, ugomvi wa mpaka wa shamba, ndoa isiyokuwa na amani. Mposo hujadiliwa wazee wakiwa Kitutu na mjomba wa binti akiwa Dallas. Wachongaji wa mawe wa Tabaka humwonyesha mnunuzi wa ng'ambo kinyago kabla hakijapigwa msasa, akasema apendavyo.

Wala si neema tupu. Aliyeko mbali hawezi tena kujificha; kamati ya mazishi humpata akiwa usingizini baada ya zamu, na kundi la harambee huonyesha nani amesoma ujumbe na hakujibu. Wapo waliobadili namba. Ninawaelewa, ingawa nawasikitikia wazazi wao.

Thamani ya jambo hili ilipimwa kwa ukali mwaka 2020. Kuanzia Machi 25, kwa sababu ya maradhi ya korona, serikali ilisimamisha safari za ndege za abiria kutoka nje, na hazikurejea hadi Agosti mosi. Mazishi yakawekewa mpaka wa watu kumi na watano. Huko Minnesota, sehemu kubwa ya waliokufa katika miezi ya kwanza ya maradhi yale walikuwa wakazi wa nyumba za kulea wazee, nyumba zilezile ambamo wana wa Gusii walikuwa wakiosha, wakilisha na kuwageuza vitandani watu waliokuwa wakifa. Kila jioni wazazi wa huku walipiga kuhakikisha tu kwamba mwana anapumua vizuri. Na ilipotokea msiba huku, ada yetu ikitaka mtu azikwe nyumbani na watoto wake wakiwa kandokando ya kaburi, kijana mmoja wa kijijini alisimama juu ya kifusi cha udongo na simu ameiinua, ili walioko Brooklyn Park wauone udongo ukimwagwa. Nilikuwa nikiwasikia watu wakisema kwamba kulia mbele ya simu si kulia. Tangu mwaka ule sijawasikia tena.

Mwaka huohuo ulileta jaribio la ajabu. Mwezi Julai kampuni ya Loon, ya jamii moja na Google, kwa ushirikiano na Telkom Kenya, ilirusha mabaluni yapatayo thelathini na matano kwenye kimo cha kilomita 20 hivi ili yatoe intaneti kwa maeneo ya magharibi na kati ya Kenya, na Kisii ilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyotajwa. Mabaluni yalifanya kazi, simu za sauti na za picha zikapita humo, lakini biashara haikujitegemea, na Januari 2021 wenyewe wakatangaza kuifunga. Tangu Julai 2023 ipo Starlink, ambayo setelaiti zake huzunguka kwa kimo cha kama kilomita 550, karibu kiasi cha kuondoa ile nusu sekunde ya Longonot. Vibao vyake vyeupe vimeanza kuonekana juu ya mabati ya wenye uwezo na ya shule kadhaa.

Limebaki kundi moja ambalo dakika ingali bwana wao. Katika miaka ya karibuni mabinti wengi wa Kisii na Nyamira, kama wa Kenya yote, wamekwenda Ghuba kufanya kazi za nyumbani, Saudia, Qatar, Oman na Falme za Kiarabu. Katika Falme za Kiarabu simu za WhatsApp zimefungwa kwa amri, zikaruhusiwa programu chache tu zilizopewa leseni; na huko ndiko Fujairah iliko, mahali ambapo mkongo wetu wa TEAMS unaanzia. Sauti ya Nyamira hupita katika ardhi ile ikielekea dunia nzima, na binti wa Nyamira aliyeko palepale hawezi kuipokea kwa njia ambayo mama yake aijua. Hutuma sauti iliyorekodiwa, ambayo hairuhusu swali kujibiwa papo hapo wala mama kusikia kama mwanawe anasema kwa uhuru au kuna mtu amesimama karibu. Penginepo kikwazo si serikali bali mwajiri anayeishika simu pamoja na pasipoti, akaitoa mara moja kwa wiki, kwa dakika chache, akisikiliza. Serikali ya Kenya inapoketi na serikali za Ghuba kuandikiana mikataba ya kazi, haina budi kudai kwamba simu ibaki mkononi mwa mfanyakazi mchana na usiku, kwamba iwepo njia halali ya kuonana na watu wa nyumbani kwa programu wanayoitumia, na kwamba mwajiri anayeivunja haki hiyo ahesabiwe sawa na anayezuia mshahara.